Tuzo za Utunzi na Watoto wa Ituri

Katika mwaka wa 1948 yalitukia mambo matatu, kila moja mahali pake na bila ya kujuana na mwenziwe, ambayo mtu wa Bunia akiyaweka leo pamoja na kuyatafakari ataona ndani yake asili ya uhaba wa vitabu tulio nao. Nairobi ilianzishwa East African Literature Bureau, idara ya serikali iliyokusudiwa kuwapatia watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja vitabu vya kusoma katika lugha zao. Huko Brussels, maonyesho ya makoloni yalimtunukia zawadi ya kwanza Paul Lomami Tshibamba, mtunzi wa Kongo aliyezaliwa Brazzaville mwaka 1914, kwa kisa chake Ngando alichokiandika kwa Kifaransa. Na mjini Gulu, ng'ambo ya Ziwa Albert na mto Nile, ambako kutoka hapa kwetu kwa mwendo wa ndege hakufiki kilomita 300, alifariki dunia bibi mmoja wa Kanada, Margaret Wrong, akiwa safarini katika kazi aliyoishika tangu mwaka 1929, ya kuhimiza maandishi kwa ajili ya Waafrika.

Kwa ukumbusho wake bibi huyo iliwekwa nishani pamoja na zawadi ya kupewa watunzi wa Kiafrika, na miongoni mwa walioipata ni Shaaban Robert wa Tanga, ambaye hapana haja ya kumweleza kwa mtu asomaye Kiswahili. Desturi yenyewe haikuwa mpya, maana Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Utamaduni wa Kiafrika, iliyoasisiwa London mwaka 1926, ilikuwa imekwisha kufungua mashindano ya utunzi kwa lugha za Afrika tangu mwanzo wa miaka ya 1930, na humo ndimo alimojulikana Samuel Ntara wa Nyasaland kwa kitabu chake Nthondo. Lakini idara ya Nairobi iliizidi taasisi ile kwa jambo moja, nalo kwa nadhari yangu ndilo kubwa kuliko yote: mkono uliotoa zawadi ulikuwa na njia ya kukipiga chapa kitabu na kukifikisha kwa wasomaji. Kwa hiyo hadithi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya mwaka 1957 na 1958, haikubaki kuwa rundo la karatasi katika saraka ya mwamuzi, bali ilitoka kitabu mwaka 1960, na tangu hapo vijana wa vizazi kadha wa kadha wamemfuata Bwana Msa katika upelelezi wake, wengi wao wakiwa bado wanafunzi.

Nasi wa Ituri? Kiswahili kilikuwa kimefika kwetu zamani, kwanza kwa misafara ya waungwana waliotoka upande wa Maniema, kisha kwa machimbo ya dhahabu ya Kilo, ambako madini yalionekana mwaka 1903 na wafanyakazi wa makabila mbalimbali wakahitaji lugha moja ya kusikilizana. Hata hivyo tuzo zile za Kiswahili ziliishia mpakani. Upande wetu heshima ya utunzi ilifungamanishwa na Kifaransa, na baada ya uhuru ikawa vivyo hivyo. Zamenga Batukezanga, aliyependwa na wanafunzi wa nchi nzima kuliko watunzi wengi, aliandika kwa Kifaransa. Simlaumu mtu, wala sikidharau Kifaransa, kwani kimetupa mengi. Lakini mtoto aliyepokea ngano za bibi yake kwa Kibira, Kilendu, Kihema au Kialur, na aliyecheza na wenziwe sokoni kwa Kiswahili, amenyimwa daraja ambalo jirani yake wa Tanga amejengewa.

Tuzo zilizowalenga watoto na vijana wenyewe zilichelewa. Tuzo ya Jomo Kenyatta, iliyowekwa Kenya mwaka 1972, ilikuja kuwa na mafungu ya watoto na ya vijana, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na marehemu Ken Walibora alitunukiwa zaidi ya mara moja. Tuzo ya Noma, iliyoasisiwa mwaka 1979 na Shoichi Noma, mchapishaji wa Japani, ilivipokea vitabu vya watoto sawa na vya wanazuoni, kwa sharti kwamba viwe vimechapishwa Afrika. Mwaka 1982 ikamwendea Meshack Asare wa Ghana kwa kitabu cha watoto. Mwaka 2008, huko huko Ghana, Deborah Ahenkorah alianzisha tuzo ya Golden Baobab kwa ajili ya wanaowaandikia watoto.

Mwaka huo huo wa 2008 Tanzania ilipata Tuzo ya Burt, iliyogharimiwa na Bill Burt wa Kanada kupitia shirika la CODE na kusimamiwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao tangu mwaka 1991 ulikuwa ukiwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala zao na kuzipeleka mashuleni. Utaratibu huo niliusifu tangu nilipousikia, maana mchapishaji akijua kwamba nakala zina mnunuzi, haogopi kutia sahihi mkataba na mtunzi asiyejulikana. Ila riwaya zilizotakiwa na tuzo hiyo zilikuwa za Kiingereza, kwa kuwa ndicho kinachotumika katika shule za sekondari. Kiswahili hakikupewa nafasi. Pengo hilo limeanza kuzibwa na Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa riwaya na ushairi, na hadithi za watoto zikaongezwa baadaye.

Hapa Bunia vita vya mwaka 1999 hadi 2003 vilifunga shule na kutawanya familia, na hata sasa wako watoto wanaokua katika kambi za wakimbizi wa ndani. Sheria yetu ya elimu ya Februari 2014 inazitaja lugha za taifa, na Kiswahili kimojawapo, kuwa lugha za kufundishia mwanzoni mwa shule ya msingi. Lakini mwalimu atafundishia kitabu gani, ikiwa hapana aliyehimizwa kukitunga?

Basi nawasihi wakuu wa vyuo vikuu vya mji huu, maaskofu na wachungaji ambao makanisa yao yanaendesha shule nyingi, na wafanyabiashara wanaovuka kila juma kwenda Kampala: wekeni tuzo moja ya hadithi za watoto kwa Kiswahili cha huku kwetu, hata ikiwa fedha yake ni haba, na kabla ya kuitangaza kubalianeni na mwenye matbaa na shule zitakazonunua. Waalimu wenye madaftari ya visa chini ya vitanda vyao wapo, mimi nawajua.