Pampu Ipi Isizime? Huduma za Wingu kwa Kampuni za Kolwezi

Njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa Kongo, hadi hapa Kolwezi ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Ilikamilika mwaka 1982 ili kulisha migodi ya shaba, ikapita juu ya vijiji ambavyo havikupata hata taa moja. Tangu hapo watu wa ukanda huu wanajua jambo ambalo wauzaji wa huduma za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, hawalitaji: chanzo kikiwa mbali, unachokitegemea hasa ni waya. Ndiyo maana migodi huweka jenereta. Tena jenereta hizo hazibebi mgodi mzima. Kwanza hubeba pampu, kwa sababu maji ya chini ya ardhi hayangoji umeme urudi.

Kampuni ya Kolwezi inayotafuta huduma za wingu ianze na swali hilohilo: pampu ipi isizime? Vitabu vya fani huanzia kwingine. Tangu taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, itoe fasili yake mwaka 2011, wanafunzi hukaririshwa ngazi tatu: kukodi mashine tupu, kukodi jukwaa la kuundia programu, au kukodi programu iliyo tayari. Kisha huulizwa kama wingu liwe la umma, la binafsi au la mseto. Mgawanyo huo ni sahihi, ila unaeleza nani anatunza nini. Hausemi kazi gani itasimama waya ukikatika.

Chukulia mkandarasi wa usafirishaji mwenye ofisi Musonoi. Seva yake iko chini ya meza, feni imejaa vumbi, betri ya akiba inadumu dakika 20. Kura ikikatika (ndivyo tunavyouita umeme huku) karani hukimbilia jenereta. Ndani ya seva mna mishahara, barua pepe, na programu ya mizani inayotoa karatasi ya uzito kwa kila lori la kobalti linaloelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mishahara ni ya mara moja kwa mwezi. Ikichelewa nusu siku, watu watanung'unika tu. Barua pepe ni afadhali ikae Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake vya data mwaka 2019, kuliko chini ya meza ile. Lakini lori lisilo na karatasi ya uzito haliondoki getini. Mizani ndiyo pampu. Programu yake ibaki hapahapa, kwenye kompyuta ndogo yenye betri, ipeleke nakala juu kila mtandao unaporuhusu.

Wapo watakaosema nyaya za kioo zimeshafika, na Starlink nayo ilipewa leseni mwaka 2025. Kweli. Ila waya si lazima ukatwe na sururu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa amri ya serikali, karibu siku 20, na leseni ya setilaiti hutolewa na serikali hiyohiyo. Machi 2024 nyaya kadhaa za baharini zilikatika karibu na Côte d'Ivoire, huduma zikayumba hadi Afrika Kusini.

Kosa la upande wa pili ni kung'ang'ania kila kitu nyumbani. Sheria ya Dijitali ya Machi 2023 inaweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi, na wengine huisoma kama ruhusa ya kukaa na seva chumbani. Siafiki. Seva isiyo na nakala kwingine ikiungua, sheria haitarudisha hesabu za miaka 10. Hata kisingizio kwamba bili za wingu hulipwa kwa dola, ambacho kina uzito Nairobi, hapa ni chepesi: Kolwezi tunanunua hata kiwanja kwa dola.

Basi kabla ya kutia saini mkataba wowote, chagua siku ya kazi, chomoa rauta kwa saa mbili, na uandike ni meza ipi imesimama kwanza.