Mkataba wa Uingereza na China wa 1943

Mkataba wa Uingereza na China wa 1943 ulikuwa mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Chongqing tarehe 11 Januari 1943, wakati nchi hizo mbili zilipokuwa zikipigana pamoja dhidi ya Japani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Siku hiyohiyo Marekani ilifanya mkataba wa aina hiyo na China mjini Washington.

Tangu mwaka 1843 Mwingereza aliyeshtakiwa nchini China hakuhukumiwa na hakimu Mchina, bali na konsuli wake au, baadaye, mahakama ya Kiingereza huko Shanghai. Mkataba ulifuta haki hiyo. Konsuli alibaki na haki ya kuarifiwa raia wake anapokamatwa na kumtembelea gerezani.

Uingereza iliacha pia maeneo yake ya Tianjin na Guangzhou, ambayo kwa kweli yalikuwa tayari mikononi mwa Wajapani. Jambo gumu lilikuwa Hong Kong. China ilidai irudishiwe sehemu iliyokodishwa mwaka 1898 kwa miaka 99, Uingereza ilikataa. China ilikubali kutia sahihi, lakini iliandika barua kuhifadhi haki ya kulileta suala hilo tena.

Mkataba ulianza kutumika tarehe 20 Mei 1943.