Kiongozi wa Kikundi Si Mwalimu

Karibuni tena katika somo letu la historia. Wenye madaftari, yafungueni. Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za watu waliokaa pamoja kusikiliza redio, na za mtu mmoja aliyekaa kati yao. Mtu huyo aliitwa kiongozi wa kikundi. Siku hizi wengi humwita mwezeshaji.

Mafunzo ya namna hii hayakuanzia kwetu. Huko Kanada, mwaka 1941, wakulima walianza kukusanyika nyumbani kwa majirani, wakasikiliza redio, kisha wakajadili yale waliyoyasikia. Mwaka 1956 shirika la UNESCO lilisaidia kuijaribu njia hiyo katika vijiji vya upande wa Poona, nchini India. Hapa Tanzania, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha mwaka 1973 ikafanyika kampeni kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya.

Angalieni ukubwa wake. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao milioni 12 katika nchi yetu nzima. Katika Mtu ni Afya walishiriki watu wazima wapatao milioni 2. Viongozi wa vikundi waliofundishwa walikuwa kama 75,000. Kwa majuma 12 vikundi vilisikiliza redio, vikasoma vitabu vidogo, vikajadili malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu. Baada ya kujadili, watu walishika majembe. Walifyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo.

Sasa jiulizeni: kwa nini redio peke yake haikutosha? Redio husema na watu wote kwa maneno yale yale, wala haisikii jibu. Nasi hatufanani. Tazameni mkoa wetu wa Singida. Wako Wanyaturu, Wanyiramba, Waisanzu, na Wagogo wa Manyoni, ambao hulima na kufuga, na lugha zao ni za Kibantu. Wako Wabarabaig, wafugaji, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa. Tena wako Wahadzabe wa Mkalama, mashuhuri kwa kuwinda na kurina asali. Lugha yao ina sauti za kidoko, na wataalamu hawajathibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote. Kiswahili hutuunganisha sote, lakini mzee mmoja hukisema upesi, na mwingine hukitafuta neno kwa neno.

Kwa sababu hiyo viongozi wale walifundishwa kwamba wao si walimu. Kazi yao haikuwa kutoa hotuba. Kazi yao ilikuwa kuuliza, kungoja jibu, na kuona kwamba kila mmoja amepata nafasi ya kusema. Msidhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Kuhutubia ni rahisi kuliko kungoja.

Chukueni mfano wa choo. Tuseme kikundi kina watu 20. Wanaume watano wenye maneno mengi wanakubaliana upesi kwamba kila nyumba iwe na choo kimoja. Kiongozi anaandika, mkutano unakwisha. Lakini katika jamaa nyingi nchini mwetu mkwe humwonea haya mkwe wake. Mke wa kijana ataona aibu kuingia choo anachokitumia baba mkwe. Naye yupo pale kikundini, ametulia, maana mbele ya wakwe hasemi. Basi choo kitachimbwa, lakini baadhi ya watu wa nyumba ile wataendelea kwenda porini, na maradhi yatabaki. Kumbe yule aliyenyamaza ndiye aliyekuwa na habari iliyotakiwa! Kiongozi mwenye busara angaliwaomba wanawake wazungumze kando kwanza, kisha mama mmoja wa makamo ayalete maneno yao mbele ya wote.

Hali kadhalika kwa mfugaji. Ukiuweka mkutano saa ile anayopeleka ng'ombe majini, umemfungia mlango bila kumwambia neno. Mwulize kwanza saa inayomfaa. Na yule ambaye Kiswahili chake ni kidogo, aseme kwa lugha yake, na jirani amtafsirie. Mtu yeyote asimcheke. Akichekwa mara moja, hatasema tena.

Ndugu zangu, mambo haya hayakuishia mwaka 1973. Leo tuna kamati za maji, vikundi vya kuweka akiba na mikutano ya kijiji. Huenda kesho wewe ukachaguliwa kuongoza. Kumbuka kwamba shauri lililokatwa na wasemaji peke yao huwaacha wengine nje, na kazi ikianza hawatakuja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa zimeni redio, mjadili maswali haya:

1. Katika kikundi chenu, ni nani ambaye hajasema neno leo? Ni kitu gani kinachomzuia?
2. Je, saa ya kukutana inawafaa wote?
3. Ni desturi gani ya hapa kwenu ambayo kiongozi mgeni angepaswa kuijua kabla ya kuanza kazi?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.