Uwanja Usiofungwa: Seva za Mashindano ya Programu za Go

Historia ya programu za kompyuta zinazocheza michezo ya ubao husimuliwa zaidi kupitia majina ya mabingwa, na ni nadra kutajwa wale waliojenga viwanja ambamo ubingwa huo ulipimwa. Huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa mtengenezaji asiye na njia ya kujua kama toleo la leo linalizidi la jana hufanya kazi gizani, hata awe hodari kiasi gani.

Upimaji wa mwanzo ulikwenda polepole mno. Mwezi Novemba 1966, programu ya sataranji iliyoundwa katika taasisi ya fizikia mjini Moscow ilianza kupambana na programu ya Marekani iliyosimamiwa na John McCarthy wa Chuo Kikuu cha Stanford. Hatua zilipelekwa kwa telegrafu, na michezo 4 ilichukua takribani miezi 9, Wasovieti wakishinda kwa pointi 3 dhidi ya 1. Mashindano yaliyofanyika New York mwaka 1970 yalikuwa na programu 6 na raundi 3 tu, na hata ubingwa wa kwanza wa dunia, ulionyakuliwa na Kaissa ya Wasovieti mjini Stockholm mwaka 1974, uliamuliwa kwa raundi 4. Mikutano hiyo iliwakutanisha watafiti na kuwapa ari, lakini kama kipimo ilikuwa dhaifu. Katika mfumo wa Elo, yaani utaratibu wa kupanga viwango ambamo mchezaji anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna takribani pointi 76 katika kila michezo 100, programu mbili zenye nguvu sawa zikipambana mara 100 bado huacha shaka ya takribani alama 70 juu au chini. Michezo 3 au 4 kwa mwaka basi ilisema machache sana.

Seva ya sataranji iliyofunguliwa kwenye intaneti mwaka 1992 iliondoa kikwazo cha umbali, na programu zikaanza kucheza humo pamoja na watu. Go, mchezo wenye asili ya China ambamo wachezaji wawili huweka kete nyeusi na nyeupe kwenye makutano ya mistari wakishindania eneo, ulihitaji kwanza itifaki, yaani lugha ya pamoja ambayo programu yoyote ingeielewa. Itifaki hiyo ilichipuka kutoka kwa mradi wa GNU Go, programu huria iliyoandikwa na watu wa kujitolea, nayo ni nyepesi ajabu: amri ya mstari mmoja huitaka programu itoe hatua ya upande mweusi, na programu hujibu kwa alama ya usawa ikifuatiwa na herufi na namba, kwa mfano E5, ambayo ni makutano ya katikati kabisa ya ubao wa mistari 9, huku herufi I ikirukwa ili isichanganywe na J.

Juu ya msingi huo, Don Dailey, Mmarekani aliyekuwa amekwisha kujijengea jina katika sataranji ya kompyuta, alijenga katikati ya miaka ya 2000 seva iliyofahamika kwa kifupi kuwa CGOS, mahususi kwa programu za go. Kila programu iliendeshwa kwenye mashine ya mwenyewe, popote alipokuwa, na seva ilibaki na kazi ya kupanga jozi, kupeleka hatua, kuhesabu muda na kuhifadhi kila mchezo. Raundi ilipokwisha, zile zilizokuwa zikisubiri zilipangwa upya, usiku na mchana. Ugumu mmoja ulihitaji uamuzi wa busara. Watu wanapomaliza mchezo wa go hukubaliana kwa maneno ni kete zipi zimekwisha kufa na ziondolewe, lakini programu mbili haziwezi kutegemewa kuafikiana hivyo, kwa hiyo Dailey aliweka kanuni kwamba kila kete iliyobaki ubaoni huhesabiwa kuwa hai, na anayedai kwamba kete ya mwenzake imekufa sharti aizingire na kuiteka kabla ya kupitisha zamu. Mzozo ukaisha bila kuhitaji mwamuzi wa kibinadamu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa maana zaidi, japo hausisimui. Baadhi ya programu zilifanywa nanga, yaani alama zao zilifungwa zisibadilike, ili viwango vya wengine visielee. Kwenye ubao wa mistari 19, GNU Go ilifungwa kwenye alama 1800. Kwa hiyo, mbinu ya Monte Carlo, ambamo programu huukamilisha mchezo mara maelfu kwa hatua zenye nasibu kisha ikachagua tawi linaloleta ushindi mwingi, ilipoanza kung'ara mwaka 2006 kupitia Crazy Stone ya Rémi Coulom na MoGo ya watafiti wa Ufaransa, ilikuta mizani iliyo tayari. MoGo ilishika nafasi ya kwanza kwenye ubao wa mistari 9 kuanzia Agosti mwaka huo, na watengenezaji waliokuwa wamewekeza miaka mingi katika kanuni zilizoandikwa kwa mkono walijionea wenyewe matokeo, siku kwa siku, bila kungoja mkutano wala makala ya kitaaluma.

Dailey alifariki mwaka 2013, zaidi ya miaka miwili kabla ya programu ya AlphaGo kumshinda bingwa wa go Lee Sedol kwa michezo 4 dhidi ya 1. Seva ilirithiwa na watengenezaji wengine, na programu za mitandao ya neva kama KataGo zikapimwa humo. Ujio wa programu hizo uliijaribu mizani yenyewe, kwa sababu nanga isiyoweza kushinda hata mara moja haielezi mshindi ameizidi kwa kiasi gani, na hivyo ikalazimu pawepo programu za nguvu ya kati, zinazoshindwa na zilizo juu na kuzishinda zilizo chini, ili kipimo kiendelee kupanda ngazi kwa ngazi kutoka alama zile za zamani.