Kutoka Matumla hadi Cheka: Bingwa wa dunia ni nani?

Agosti 30, 2023 ilitimia miaka 10 tangu Francis Cheka wa Morogoro amshinde kwa pointi Mmarekani Phil Williams katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, na kuvishwa mkanda wa dunia wa WBF. Usiku ule ulistahili kukumbukwa na nchi nzima. Bado kila ukitajwa, lazima atokee wa kuuliza: ubingwa wa dunia, lakini dunia ipi?

Keko, wilayani Temeke, swali hilo si geni. Walishaulizwa kuhusu mtoto wao.

Wapitao njia wanaijua Keko kwa gereza lake na kwa mafundi wake wa samani. Watu wa ngumi wanaijua kwa ukoo wa Matumla: Rashid, Mbwana, Hassan, Karim na Mkwanda, ndugu waliovaa glovu karibu kama urithi. Rashid, aliyeitwa Snake Boy, alipanda kupitia ngumi za ridhaa hadi Olimpiki, akaingia ngumi za kulipwa na kutwaa mkanda wa dunia wa WBU. Kwa kizazi kilichomfuata ukumbini na redioni, huyo ndiye bingwa wa dunia wa kwanza waliyemjua kwa jina na kwa mtaa. Kisha wakaja wajuzi na kusema WBU si chombo kikubwa, mkanda wake hauhesabiki.

Kwenye ngumi za ridhaa hakukuwa na ubishi wa namna hiyo. Titus Simba alipoleta fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, medali zilijieleza zenyewe. Ngumi za kulipwa ni biashara, na kila mwenye chombo hutengeneza mkanda wake. WBA, iliyoanza Marekani mwaka 1921 kwa jina la NBA, ilifuatiwa na WBC mwaka 1963, IBF mwaka 1983 na WBO mwaka 1988. Hao wanne ndio wanaoitwa wakubwa. WBU ilizaliwa mwaka 1995, ikaambiwa imechelewa.

Lakini tuutazame huo ukubwa wenyewe, na tuutazame usiku uleule wa Upanga. Katika uzito wa super middle aliopigania Cheka, Mmarekani Andre Ward alikuwa bingwa wa WBA, yule wanayemwita wa juu. Mwingereza Carl Froch alikuwa na mkanda wa IBF, na juu yake alikuwa na mkanda mwingine wa hiyohiyo WBA, wa daraja la pili. WBC ilikuwa kwa Sakio Bika, mzaliwa wa Cameroon aliyehamia Australia, aliyeupata Juni mwaka huo. Robert Stieglitz wa Ujerumani alikuwa na WBO. Mabingwa wanne kutoka kwa hao wakubwa, uzito mmoja, usiku mmoja, na chombo kimoja kati yao kikiwa kimewavika mikanda watu wawili. Cheka alikuwa wa tano. Anayemwambia Cheka hakuwa bingwa wa kweli aseme kwanza, kati ya Ward na Froch, bingwa wa kweli wa WBA alikuwa yupi.

Hata herufi za WBF zilikuwa na mgogoro wake. Chombo cha awali kilisambaratika, kukatokea viwili vyenye herufi hizohizo, World Boxing Federation na World Boxing Foundation, kila kimoja kikidai urithi. Mkanda wa Cheka ulikuwa wa Federation. Desemba mwaka huohuo alikwenda Moscow na kupigwa na Fedor Chudinov. Mwaka 2015 Chudinov huyo akamshinda Felix Sturm na kuwa bingwa wa WBA, wa daraja la pili, Ward akiwa bado juu yake.

Na wanaoidharau WBU ya Matumla wamkumbuke Ricky Hatton wa Manchester. Aliutwaa mkanda wa WBU mwaka 2001, akautetea kwa miaka, huku ukumbi ukijaa kila alipopigana. Waingereza wenyewe walimsubiri hadi Juni 2005, alipomshinda Kostya Tszyu, bingwa wa IBF, ndipo wakamkubali kikamilifu. Mkanda ni uleule. Hatton alipata Tszyu wa kupigana naye mbele ya watu wake. Matumla hakuletewa Tszyu Dar es Salaam. Hapo ndipo uonevu ulipo, kwa maoni yangu.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwa miaka mingi ngumi za kulipwa zilikuwa na vyama vitatu: PST ya Emmanuel Mlundwa, TPBC ya Onesmo Ngowi, TPBO ya Yassin Abdallah 'Ustaadh'. Promota aliyenyimwa kibali huku alikwenda kule. Bondia aliitwa bingwa wa taifa na chama kimoja huku kingine kikimtambua mwenzake. Mashabiki wakajitafutia kanuni yao: aliyempiga bingwa ndiye bingwa. Ndiyo maana mapambano ya Rashid Matumla na Maneno Oswald, Mtambo wa Gongo, yalibishaniwa kuliko mikanda mingi ya kigeni. Ndiyo maana pia Cheka, baada ya kumshinda Matumla, alikubalika hata na wasiojua WBF ni nini. Keko wana jibu lao hapo: Matumla alimzidi Cheka kwa zaidi ya miaka 10, na alipigwa siku zake zikiwa zimekwenda. Ni jibu la haki, ingawa kanuni ya mtaani haina kifungu cha umri.

Mwaka 2018 serikali, Dk Harrison Mwakyembe akiwa waziri wa michezo, ilitaka msimamizi mmoja, ikaja kamisheni ya TPBRC. Septemba mwaka huohuo Hassan Mwakinyo wa Tanga alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili huko Birmingham, bila mkanda wa dunia mezani, na jina lake likavuma kuliko la wengi waliokuwa nao.

Kibali sasa kinatoka ofisi moja. Bado sijaona kazi ya kuunganisha orodha za mabingwa wa taifa za PST, TPBC na TPBO, kila pambano na tarehe yake, nani alimshinda nani na kwa uzito gani. TPBRC wanaweza kuanzia Keko, kwa Matumla na Oswald, kabla karatasi za vyama hivyo hazijapotea zote.