Jumba la Tharia Topan na Pembe za Boyoma

Lile jumba la Mizingani, Unguja, linalotazamana na bandari, watu wengi huliita Dispensari ya Zamani, na jina la mwenyewe limezama. Haki ni kuliita Jumba la Tharia Topan. Na Kisangani, mji wetu kandoni mwa mto Kongo, ina sehemu yake ndani ya chokaa ile.

Tharia alikuwa Khoja wa Kachi. Wazee husimulia kwamba alivuka bahari angali mtoto, amejificha jahazini, hana nauli. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kushika forodha ya Sultani. Mali yake ilikopesha misafara ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip wetu: nguo, shanga, baruti. Deni lilirudi baada ya miaka, likiwa pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi na watumwa. Anayekaa Masako leo, karibu na Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta, akiutazama msitu uliobaki, asidhani mambo ya pwani hayamhusu.

Tena kuna ajabu ya mwaka 1887. Mwezi Februari, Tippu Tip alipatana na msafiri Stanley huko Unguja awe wali wa Stanley Falls, yaani Boyoma, Kisangani ya leo, kwa pauni 30 kila mwezi. Wakapanda meli Madura, wakazunguka kusini mwa Afrika yote, wakauingia mto Kongo kwa mdomo wake. Mtu aliyezoea kulikata bara kwa miguu akafika Boyoma kwa kupanda mto! Mwaka ule ule Tharia akaweka jiwe la msingi la jumba lake, kwa heshima ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Alitaka liwe hospitali.

Hakuliona limekwisha. Alifariki 1891, mjane wake, Janbai, akaendeleza kazi hadi 1894. Mwaka 1900 wadhamini wa mali ya Haji Nasser Nur Mohamed wakalinunua: dawa chini, wapangaji juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaachwa, mbao zikaoza.

Aga Khan Trust for Culture walilichukua mwaka 1990. Mafundi wakarudia kazi ya chokaa na nakshi, wakazisimamisha tena roshani zile zenye mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha darizi, na vioo vya rangi. Likafunguliwa 1996. Wakaingia wenye maduka madogo na ofisi, na kwa hakika hao ndio wanaolilinda, maana mlango unaofunguliwa kila asubuhi, paa lake likivuja litaonekana.

Huku kwetu Kisangani, mtaani Makiso, nako kuna majumba ya biashara ya enzi mji ulipoitwa Stanleyville, yaliyostahimili hata vita vya siku sita vya Juni 2000. Enyi wenye nayo, kabla hamjaita wa kuvunja, wapangisheni kwanza mafundi cherehani, wachapaji na wauza kahawa, chumba kwa chumba.