Jinsi harufu ya beberu inavyoongoza uzazi wa mbuzi wa maziwa

WAFUGAJI wa mbuzi wa maziwa katika Kaunti ya Nyeri na miji mingine inayozunguka Mlima Kenya wanajua vyema kuwa beberu hunuka. Wasichojua wengi wao ni kwamba harufu hiyo ni ujumbe, na kwamba pua ya mbuzi jike imeumbwa kuupokea.

Ndani ya pua mna ute unaofunika neva za kunusa. Ute huo una maji mengi, ilhali chembe nyingi za harufu haziyeyuki kwa urahisi majini. Hapo ndipo protini ndogo zilizomo katika ute huo hufanya kazi. Kila protini ina uwazi katikati, mfano wa kikapu, ambamo chembe ya harufu hunaswa. Wanasayansi wengi huamini kuwa protini hizo ndizo huibeba chembe hiyo hadi kwenye neva.

Protini za aina hii ziligunduliwa kwanza katika pua ya ng'ombe. Mwaka wa 1982, Paolo Pelosi na wenzake mjini Pisa, Italia, walionyesha kuwa utando wa pua ya ng'ombe hunasa kemikali yenye harufu ya pilipili hoho. Baadaye protini kama hizo zilipatikana kwa nguruwe, kondoo, mbuzi na hata katika mkonga wa ndovu.

Majira na mwanga

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, wanyama wengi huzaliana kwa msimu, na protini zinazohusika na harufu huongezeka au kupungua kadiri homoni za uzazi zinavyobadilika.

Mbuzi wa Ulaya ni mfano mzuri. Usiku unapoanza kurefuka, ubongo wake hutambua kuwa mwanga umepungua na huamsha homoni za uzazi. Beberu huanza kunuka zaidi, na majike huingia joto. Msimu ukipita, majike hutulia hadi mwaka unaofuata.

Hali ni tofauti Nyeri. Mji huo uko karibu sana na ikweta, ambayo hupita Nanyuki, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kwa hivyo, mbuzi wa aina ya German Alpine waliotoka Ujerumani, au Toggenburg wenye asili ya Uswisi ambao shirika la Farm Africa lilieneza Meru kuanzia miaka ya 1990, wanaweza kupandwa mwezi wowote.

Katika eneo hili, kinachotawala ni mvua na malisho. Wakati wa kiangazi, hasa katika sehemu kavu kama Kieni, jike aliyekonda huenda asionyeshe dalili za joto, au azionyeshe kwa udhaifu.

Siri iko kichwani

Mnamo 2014, watafiti wa Japani walitangaza kuwa wametambua kemikali katika harufu ya beberu ambayo huamsha sehemu ya ubongo wa jike inayoongoza homoni za uzazi. Kemikali hiyo, 4-etiloktanali, hutoka kwenye ngozi ya kichwa. Beberu aliyehasiwa hakuwa nayo.

Jambo hili lina uzito kwa mkulima mdogo. Wengi hawafugi beberu wao wenyewe. Wanachama wa Chama cha Wafugaji wa Mbuzi wa Maziwa (DGAK), chenye makao yake Nyeri, hutumia mabeberu kwa pamoja katika vikundi na kuwahamisha ili kuepuka kupandisha mbuzi wa ukoo mmoja. Utaratibu huo ni mzuri, lakini humwacha jike wa nyumbani bila harufu ya dume.

Joto la mbuzi hurudi kila baada ya siku 21 hivi na hudumu siku moja au mbili pekee. Likipita bila kutambuliwa, mfugaji hupoteza wiki tatu. Kwa kuwa mimba huchukua takriban miezi mitano, maziwa nayo hucheleweshwa.

Mfugaji anaweza kujisaidia kwa njia rahisi. Asugue kitambaa kichwani mwa beberu wa kikundi, akitie kwenye chupa yenye kifuniko, kisha amnusishe jike kila asubuhi na jioni. Jike aliye kwenye joto hukivutia kitambaa hicho, hutikisa mkia na kulialia.

Kwa majike walioacha kuingia joto, beberu akitengwa nao kwa wiki kadhaa kisha aletwe ghafla, wengi huanza tena baada ya siku chache, mradi wawe na afya na lishe bora.

Hata hivyo, banda la beberu liwe mbali na mahali pa kukamulia, kwa kuwa maziwa hushika harufu upesi. Aidha, mfugaji aandike tarehe za joto na za kupandisha. Jike asiyerudia joto wala kushika mimba apelekwe kwa daktari wa mifugo.